Niliagiza baga kwenye mkahawa wa samaki

Mhudumu alishikilia kalamu hewani. "Baga, mzee? Baga ya nyama?"

Nikamwonyesha menyu yao wenyewe, ukurasa wa mwisho, chini ya picha ya kambamti: baga ya ng'ombe na chipsi, shilingi 850. Akanitazama, akalitazama ziwa lililokuwa nyuma yangu, kisha akaandika. Meza nzima ilicheka. Kuagiza nyama ya ng'ombe Kisumu, hatua chache kutoka majini, ni sawa na kufika Kericho ukaomba kahawa.

Mkahawa wenyewe siutaji, kwa sababu yaliyonipata humo yangeweza kunipata katika mikahawa kumi mingine ya ufuo huo. Kibao chake kinasema kwa maandishi ya samawati kwamba hapa pana vyakula vya baharini. Kutoka hapo hadi bahari ilipo ni zaidi ya kilomita 800 za barabara. Mwenzangu mmoja, mwenyeji wa Seme, alikitetea kibao hicho: kwa Kijaluo, alisema, nam ni ziwa na nam ni bahari, na Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, lina mawimbi ya kumtapisha Mswahili wa Lamu. Nikakubali yaishe. Lakini kambamti wa pichani hakuvuliwa ufuo wa Dunga, na kila aliyekuwa mezani alijua kwamba kama yupo, yupo kwenye friza.

Tulikuwa watano, tumekuja kumuaga mwenzetu wa kazini aliyehamishiwa Eldoret. Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, na hilo lina uzito kwa sababu mmoja wetu ni Mkatoliki wa kweli, wa kufunga na kutubu, na siku hiyo nyama haingii kinywani mwake. Wa pili ni Mwislamu wa Kaloleni. Wa tatu ni Msabato kutoka Kisii, ambaye mumi, yaani kambare, kwake ni najisi kwa kuwa hana magamba, ila ngege, yaani tilapia, anamla mpaka anafyonza kichwa. Na yule tuliyekuwa tukimuaga amezaliwa Kapsabet, amekuzwa kwa maziwa ya mursik, na samaki hali. Hali kabisa. Ndiye aliyeagiza baga kwanza, na mimi nikaagiza ya pili, nusu kwa kumwonea huruma asichekwe peke yake, nusu kwa udadisi wa kazi. Kwa muda mrefu nimekuwa nikijiuliza ile baga ya ukurasa wa mwisho inafanya nini pale.

Jibu la haraka ni kwamba iko pale kwa ajili ya mtu kama huyo wa Kapsabet. Watu watano wakitaka kula pamoja, anayechagua mahali si yule mwenye hamu kubwa wala mwenye pesa. Ni yule mwenye mwiko. Wanne wakitaka samaki na mmoja hali, basi mkahawa usio na kitu cha huyo mmoja unapoteza sahani tano. Mwenye mkahawa analijua hilo bila kusomea biashara popote. Kwa hiyo baga haipo ili ishindane na ngege. Ni kiti cha akiba: hakitarajiwi kupendeza, kinatarajiwa kuwepo.

Jambo hili lina kisa chake cha kinyume, na ndicho kilichonifanya niandike. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Lou Groen alikuwa na tawi la McDonald's mjini Cincinnati, Marekani, mahali penye Wakatoliki wengi. Kila Ijumaa wateja walimkimbia kwa sababu hawakula nyama. Akabuni kipande cha samaki cha kukaanga ndani ya mkate. Mkubwa wa kampuni, Ray Kroc, hakutaka harufu ya samaki ndani ya maduka yake. Yeye alikuwa na wazo lake: kipande cha nanasi na jibini ndani ya mkate uleule, akakiita Hula Burger. Wakakubaliana kuvishindanisha siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1962. Kama inavyosimuliwa, Groen aliuza mikate 350 ya samaki, na nanasi la mkubwa likauzwa mara 6. Kufikia 1965 mkate wa Groen, Filet-O-Fish, ulikuwa ukiuzwa kote Marekani.

Watu hukisimulia kisa hiki kama ushindi wa mdogo dhidi ya mkubwa. Mimi naona jingine. Wote wawili walikuwa na mteja yuleyule, mwenye mwiko uleule. Kroc aliona kinachokatazwa, akatoa chochote kile ambacho si nyama. Groen aliuliza mtu huyu Ijumaa anakula nini nyumbani kwake. Mmoja alijaza pengo, mwingine alimwangalia mtu.

Basi baga zikaja.

Nitaieleza yangu kwa haki. Mkate ulikuwa skonzi, ile tamu ya kunywea chai, iliyokatwa katikati bila kupashwa moto. Ndani kulikuwa na jani la letusi, duara la nyanya, mayonezi nyingi, na nyama nene yenye upana wa kisahani. Nyama ilikuwa na gamba gumu pande zote, juu, chini na ubavuni, rangi ya mandazi yaliyosahauliwa motoni. Hapo nikajua. Baga ya kawaida hupikwa juu ya chuma bapa kilicho moto sana, inapata ukoko juu na chini huku ubavu ukibaki laini. Hii haikuwahi kuona chuma bapa. Ilitumbukizwa kwenye karai.

Na kwa nini isitumbukizwe? Jiko la samaki la Kisumu ni karai. Ni karai, mafuta mengi, moto mkali, na mama mmoja au wawili ambao wamesimama mbele ya mafuta hayo miaka mingi kuliko umri wa mhudumu wetu. Hao wanamjua samaki. Humchanja ubavuni ili joto liingie hadi kwenye mfupa, humpaka chumvi, humwacha ajikaushe, ndipo humtia. Mwanzoni mafuta hupiga kelele kwa sababu maji yaliyo ndani ya samaki yanatoka kwa fujo. Kelele ikipungua, mama hageuki kutazama saa, anamgeuza samaki. Mkia unavunjika kama bisi na nyama ya mgongoni bado ina maji yake. Huo ni ufundi, na hauandikwi popote.

Mkono huohuo ukipewa nyama ya kusaga, unafanya unachojua. Tatizo ni kwamba nyama ya kusaga ina sheria nyingine. Steki nzima ina vijidudu juu tu, na moto unaviua juu. Ikipita kwenye mashine, cha juu kinachanganywa na cha ndani, kwa hiyo baga inapaswa kuiva hadi katikati, nyuzi 71 hivi. Ikiiva kiasi hicho, kinachoilinda isiwe mbao ni mafuta yake yenyewe. Wapishi wa baga hutaka karibu sehemu moja kwa tano ya nyama iwe mafuta. Sasa nenda buchani popote Kisumu ukaombe hivyo. Ng'ombe wetu wa kienyeji ametembea maisha yake yote akitafuta nyasi, hana mafuta ya kugawa, na mteja wa kwetu akiomba nyama ya kusaga anasimama pale kuhakikisha ni steki tupu. Ametoa pesa ya nyama, hajatoa pesa ya mafuta. Basi nyama inafika jikoni kavu, inasambaratika, mpishi anaitia yai, chenga za mkate, kitunguu na dania ili ishikane. Wakati huo imeshakuwa kababu.

Mimi nampenda kababu. Kababu ana adabu zake: mdogo, wa kuumwa mara mbili tatu, ndimu juu, pilipili pembeni. Ukimkuza awe kisahani, ukamzamisha kwenye mafuta hadi katikati paive, ukamfunga kwenye skonzi yenye sukari, umemdhulumu. Mwenzetu wa Kapsabet aliuma mara tatu, akaiweka chini, akasema kwa upole wa mtu anayeagwa, "Hii nyama ilikuwa na kesi gani?"

Chipsi, lakini! Zilinuka samaki. Zilikaangwa kwenye mafuta yaliyokuwa yamekaanga ngege tangu asubuhi, na zilikuwa kitu kitamu kuliko vyote kwenye sahani yangu. Najua mtaalamu wa hoteli angesikitika. Mwenzetu Mwislamu ndiye aliyeyafikiria zaidi mafuta hayo. Yeye akija kwenye mkahawa wa samaki huwa haulizi kitu, kwa kuwa samaki hachinjwi na hana haja ya kujua nani alishika kisu. Ila alipoziona baga mbili mezani, akamwita mhudumu: nyama hii imetoka wapi, na imekaangwa karai moja na samaki wangu? Mhudumu akaenda jikoni, akarudi na jibu zuri kuhusu nyama na jibu la kumung'unya kuhusu karai. Mwenzetu akala ugali na sukuma wiki. Hesabu ya mwenye mkahawa haikuliona hili. Ameweka baga ili asimpoteze mtu mmoja, akampoteza mwingine ambaye kwa miaka alikuja bila swali. Chakula ambacho dini nyingi za meza hii zinakutana bila ugomvi ni samaki mwenye magamba. Mkatoliki anamla Ijumaa, Msabato anamla, Mwislamu anamla. Ni watu wachache duniani wamepewa bahati ya biashara namna hiyo, kisha wakaipunguza kwa mikono yao.

Alibaki mmoja tu, na ndiye tuliyemjia. Msabato wetu, ambaye hana subira, akamuuliza waziwazi: kwani ukila samaki inakuwaje, unaumwa? Ni mila? Yeye akasema hapana. Upande wa kwao wazee hawakuzoea samaki, kweli, lakini yeye amekaa Kisumu miaka sita na harufu haimsumbui. "Ni miiba," akasema. Alipokuwa shule ya msingi alimwona mtoto mwenzake akikabwa na mwiba, akapigwa mgongo mpaka akatema damu. Tangu hapo akiona samaki mzima kwenye sahani, macho yakimwangalia, anaona ule mwiba.

Miaka sita tumekula naye na hakuna aliyewahi kumuuliza. Menyu haikumuuliza pia. Ilidhani anataka ng'ombe, kumbe alitaka samaki asiye na miiba. Baga ile ilikuwa nanasi la Kroc.

Na samaki wa namna hiyo yupo, tena anatoka kwenye maji tuliyokuwa tumeyapa mgongo. Mbuta, yaani sangara, ana mifupa mikubwa unayoiona na kuiondoa, na pande mbili za nyama nene isiyo na vijimiiba vya hila. Ngege ndiye wa kula kwa uangalifu na vidole. Mbuta anaweza kuingia kwenye mkate kesho asubuhi. Mafuta yapo, karai lipo, mkono upo. Kwa nini basi hayupo kwenye ukurasa wa mwisho?

Hapa jambo linatoka jikoni. Mbuta si mwenyeji wa ziwa hili. Aliletwa na binadamu katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, akawatafuna fulu, vile visamaki vidogo vilivyokuwa vya aina mamia, na kufikia miaka ya 1980 akawa ndiye mali. Viwanda vikaja. Kazi ya viwanda ilikuwa kutoa minofu, kuigandisha na kuipeleka ng'ambo, hasa Ulaya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulipofunga mlango kwa sababu za usafi, tena zaidi ya mara moja, fuo zetu zilijua siku hiyohiyo, kwa sababu bei ya samaki ilianguka kabla jua halijatua. Kilichobaki viwandani baada ya minofu, yaani kichwa, uti wa mgongo na nyama kidogo iliyoshikilia mbavu, kiliuzwa kwa akina mama, kikakaushwa na kukaangwa mtaani Obunga, kikapewa jina ambalo sijui lugha nyingine ingelisema vizuri zaidi: mgongo wazi.

Zingatia kilichogawanywa hapo. Nyama isiyo na mfupa ilipanda ndege. Mfupa usio na nyama ulibaki mtaani. Mtoto wa Berlin au Madrid aliweza kula samaki wa Nyanza bila kujua kwamba samaki huwa na miiba, na mtoto wa Obunga akala miiba akijua kwamba huko mbele palikuwa na nyama. Kizazi kizima cha wapishi wa mikahawa yetu kimekua kikiona minofu kama kitu cha kiwandani, cha kilo na makaratasi, si chakula. Ukimwambia mpishi akutolee minofu ya mbuta, anakutazama kama umeomba pasipoti.

Siku hizi mbuta mwenyewe amepungua, na sehemu ya Kenya ya ziwa ni ndogo, asilimia 6 hivi, iliyobaki ni ya Tanzania na Uganda. Pengo limejazwa kwa njia mbili. Moja ni vizimba vya kufugia samaki, ambavyo ukisimama Dunga unaviona vimepangwa majini kama mashamba ya mpunga ya Ahero. Ya pili ni ile ambayo mikahawa haitaki tuitaje: samaki wa katoni kutoka China, wa saizi moja kama matofali. Mwaka 2018 hata Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alizungumza hadharani juu ya kuwazuia. Bado wanakuja, kwa kuwa bei yao inaeleweka na wanafika hata siku ambayo ziwa limechafuka.

Sasa rudi kwenye meza yetu uulize nani mgeni. Nyama ya baga yangu, kwa maelezo ya mhudumu, ilitoka kwa bucha wa Kibuye, na ng'ombe huenda alitembea kutoka Nyando au Muhoroni. Viazi, kama vingi vya soko letu, ni vya nyanda za juu, Molo na huko. Ngano ya skonzi ndiyo ya kutilia shaka, maana sehemu kubwa ya ngano tunayokula nchini huja kwa meli. Upande wa pili wa meza, "samaki wetu wa asili" alikuwa labda wa kizimba aliyelishwa chakula cha gunia, labda wa katoni. Hata jina lake lina ujanja: ngege wa wazee wetu karibu ametoweka ziwani, na anayeitwa ngege leo aghalabu ni nyamami, aliyeletwa naye katika miaka ya 1950. Sisemi haya ili kuwaharibia watu chakula. Nasema kwa sababu nimechoka kusikia baga ikilaumiwa kwa ugeni wake. Ugeni si kosa mezani kwetu. Ungekuwa kosa tungebaki na mtama na omena. Kosa la ile baga ni kwamba hakuna mtu jikoni aliyekuwa na habari nayo.

Wapo watakaosema suluhisho ni kununua chuma bapa na kumfundisha mpishi. Sikubali. Jiko linalofanya kila kitu linaishia kuwa friza yenye mlango. Menyu ya kurasa nne, kwa uzoefu wangu, ina ukurasa mmoja unaopikwa na mitatu inayoyeyushwa.

Jumanne iliyofuata nilirudi peke yangu, saa tisa, wakati mkahawa umelala. Nikaomba nizungumze na mpishi. Akatoka akijifuta mikono, mama wa makamo, kitambaa kichwani, uso wa mtu aliyekatizwa usingizi. Nikamwambia: mama, una kipande cha mbuta? Anacho, cha mchana. Naomba ukiondoe uti, ukikaange mkavu, ukiweke ndani ya mkate.

"Ndani ya mkate, jaduong'? Bila ugali?"

"Bila ugali."

"Kwani wewe ni mgonjwa?"

Nikamweleza habari ya mwenzetu na mwiba wake. Hakucheka tena. Aliingia jikoni, nami nikasikia mafuta yakipiga kelele, kisha kelele ikashuka, kisha kimya kifupi. Alichonikuta nacho mezani hakikuwa na mayonezi wala letusi. Skonzi ileile, safari hii imepashwa kwenye kikaango. Mbuta amepakwa unga kidogo na chumvi, ameng'aa kama shaba. Juu yake kachumbari na ndimu, na pilipili ya kijani imekatwa nyembamba. Utamu wa skonzi, ambao Ijumaa ulikuwa kero, ulikutana na ndimu na kupata kazi ya kufanya. Mama alisimama pembeni na kunitazama nikiuma, na nilipofika katikati alinyoosha kidole kwenye mkate akaniambia angeutafutia ule wa chumvi wa kule Oginga Odinga Street, huu si mkate wa samaki. Ameshaanza kuibishia baga, nikajua imekuwa yake.

Niliipiga picha baga hiyo, nikamtumia mwenzetu huko Eldoret. Akajibu neno moja na alama ya kuuliza: miiba? Nikamwandikia hakuna. Hajaniamini bado.

Mhudumu yuleyule wa kalamu ndiye aliyeleta bili. Alikuwa amekwama muda kwenye kaunta, akiuliza mama, akimuuliza mwenye mkahawa kwa simu, kwa kuwa mashine yao haikuwa na jina la kitu nilichokula. Mwishowe aliandika kwa mkono: mbuta kipande 1, mkate 1, kachumbari bure. Shilingi 480.